Lumbesa ya Moshi

Mwezi wa sita Mbeya huamka ndani ya bakuli,
Loleza huku, vilima kule,
na baridi juu yake kama sinia.
Moshi wa matanuri, moshi wa mashine za kusaga,
moshi wa malori yanayokwenda Tunduma,
haupandi. Unakaa,
kama shemeji aliyekuja kwa siku mbili.

Mimi ni mpima viazi, Uyole.
Miaka kumi na tisa nimeshika mizani ya ndoano.
Nayajua magunia yanavyodanganya:
lile lililoshonewa kilemba,
lile lililobanwa kamba hadi macho yamelitoka.
Lumbesa. Moja na nusu kwa bei ya moja,
na mkulima anashukuru, maana jua limezama
na njia ya kurudi Isyonje ni ndefu.

Basi alipokuja bwana wa semina
(ukumbi wa kata, maji ya chupa, posho ya elfu kumi)
akasema moshi nao utapimwa, utauzwa,
wenzangu wakacheka.
Mimi nikatoa kalamu.

Akasema, mji mzima utawekewa kikomo,
tuseme magunia mia ya moshi kwa mwaka.
Kila mwenye bomba atapewa hati zake.
Anayepunguza, zikimbakia, auze.
Anayeshindwa, anunue.
Na kila mwaka kikomo kinashuka, tisini, themanini,
mpaka moshi uwe ghali kuliko chujio.
"Tunaelewana?"
Tulielewana. Nani kati yetu
hajawahi kununua zamu ya mtu bombani?

Ambokile alielewa kuliko sisi sote.
Alizima tanuri lake la Nzovwe,
akanunua mashine ya kushindilia tofali zisizochomwa,
na hati zake nane akaziuza
kwa kiwanda cha alizeti, hapa nyuma ya kwetu.
Aliezeka nyumba
kwa moshi ambao hakuutoa.
Nilikwenda kumpongeza. Kwake asubuhi
niliuona mlima mzima, hadi mikunjo.
Mkewe alikuwa ameanika mashuka meupe.

Kwetu hatuaniki tena nje.

Nilipiga hesabu kwenye daftari la viazi.
Mji: umepungua magunia kumi.
Mtaa wetu: umeongezeka manane.
Nikarudia, nikajumlisha kutoka chini kwenda juu.
Hesabu ni sahihi.
Hicho ndicho kinachoniuma. Ingekuwa wizi
ningejua pa kupigia kelele.

Nikamfuata bwana wa semina ofisini.
"Mama," akasema, "hewa ni moja."
Nikasema, hewa ni moja, sawa,
lakini kila mtu anavuta ya dirishani kwake.
Na mizani ya moshi iko wapi?
Akasema kiwanda kinajipima chenyewe,
kila robo mwaka kinaleta fomu.

Nikamtazama.
Bwana, mimi natoka sokoni.

Sisemi biashara hii ivunjwe.
Nimeyaona mashuka ya Nzovwe, siwezi kuyakana.
Hata kikomo nakipenda; gunia lisilo na mdomo
ndilo lililotufikisha hapa.
Nasema tu, anayejaza asiwe ndiye anayepima,
na mtaa nao uwe na kikomo chake, siyo mji peke yake.
Nipeni ngazi. Nipeni buti za wazima moto.
Nitapanda kwenye lile bomba na ndoano yangu,
na kilemba nitakikata.

Jana usiku mjukuu wangu Tusekile
alikohoa mpaka jogoo wa kwanza.
Asubuhi nikamning'iniza kwenye mizani ya viazi,
kwa ile kaptula ya kliniki, miguu ikichezacheza,
akicheka kwa kifua chenye filimbi.
Kilo kumi na tatu na robo.
Mwezi uliopita, kumi na nne.

Nimeandika daftarini, kwa wino uleule,
safu ya pili,
pembeni ya yale manane.